Raha ya Meli katika Fasihi Yetu: Nani Kaificha?

Katika makala haya nataka kuuliza swali ambalo wahakiki wetu wamelipita kama garimoshi linavyoipita stesheni ndogo usiku. Kwa nini riwaya ya Kiswahili haijui kusafiri kwa meli kwa raha? Meli zenyewe zimo vitabuni, tena nyingi. Zimo za karafuu, zimo za watumwa, zimo za askari, na zimo za kuzama. Lakini abiria aliyelipa nauli yake, akatandika mkeka sitahani, akala ugali wake kwa mgebuka, akapiga soga na jirani asiyemjua mpaka usiku wa manane, huyo mimi simwoni. Nimemtafuta sana.

Mimi ni kijana wa Kigoma. Nimemaliza kidato cha nne na ninaandika riwaya yangu ya kwanza, nayo inatokea ndani ya meli. Nilipeleka sura tatu kwa mhariri mmoja, simtaji. Zilirudi na mstari mmoja wa maelezo: hadithi haina mafunzo, abiria wanafurahi tu. Basi neno hilo, "wanafurahi tu", ndilo lililonikalisha kuandika makala haya. Sina nia ya kujitetea. Nataka tuipime hiyo "tu".

MELI ISIYO NA ABIRIA

Kitabu kilicholitangaza ziwa letu ulimwenguni ni The African Queen cha Mwingereza C. S. Forester, kilichotoka mwaka 1935. Mwaka 1951 John Huston alikifanyia filamu, wakacheza Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Kisa ni cha mwanamume na mwanamke wanaoteremka mto kwa kimashua kibovu wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, shabaha yao wakaizamishe meli ya kivita ya Wajerumani iliyoko ziwani. Kitabuni meli hiyo inaitwa Königin Luise. Lakini iliyompa mwandishi wazo hilo ni Graf von Götzen, yaani Liemba yetu hii hii.

Tukumbushane habari zake kwa ufupi. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha kama 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli. Ikaundwa upya hapa, ikashushwa majini Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani waliona wanazidiwa, wakaizamisha wenyewe karibu na mlango wa Malagarasi, lakini kwanza mafundi wakaipaka mitambo grisi ili isile kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba, jina ambalo Livingstone alilisikia likitajwa kuwa la ziwa upande wa kusini.

Sasa tufanye hesabu ya darasa la tatu. Kutoka Februari 1915 hadi Julai 1916 ni mwaka mmoja na nusu. Huo ndio umri wote wa meli hii vitani. Baada ya 1927 kazi yake ilikuwa kubeba watu na mizigo, Kigoma hadi Mpulungu huko Zambia na kurudi, kwa miongo na miongo, ukitoa vipindi vya matengenezo. Mwaka mmoja na nusu wa vita umepata riwaya na filamu. Miongo yote ya abiria imepata nini? Imepata aya mbili katika vitabu vya kuongozea watalii.

Na hata huo mwaka mmoja na nusu Forester aliutengeneza apendavyo. Kwake meli inazamishwa na Waingereza. Filamu ikaenda mbali zaidi, ikaizamisha kwa kile kimashua. Ukweli wa mafundi waliozamisha meli yao kwa huzuni, huku wakiipaka mafuta kama mtu anayemwosha maiti anayetarajia atafufuka, ni hadithi bora kuliko zote mbili. Lakini kasoro kubwa kwangu si hiyo. Kasoro ni kwamba wenyeji wanachukuliwa na Wajerumani mwanzoni kabisa mwa kitabu, na kuanzia hapo mto na ziwa vinakaa karibu kama havina wenyewe. Mwandishi alihitaji maji matupu ili watu wake wawili wapendane juu yake. Nakubali, anajua kusimulia, na mashua yake unaijua mpaka bomba lake. Ila meli kubwa kwake ni kitu cha kulengwa shabaha. Hakuna anayelala ndani yake.

MELI YA WALIOSHIBA

Kwa upande wa pili kuna meli za starehe, zile za kwenda likizo. Januari 2024 meli iitwayo Norwegian Dawn ilitia nanga Dar es Salaam ikiwa na watalii zaidi ya 2,000. Hesabu hiyo ni zaidi ya mara tatu ya uwezo wa Liemba, iliyokuwa ikichukua watu kama 600. Vijana wenzangu wa kikundi chetu cha waandishi walipoona picha zake walisema: hiyo ndiyo meli ya kuandikia riwaya ya raha.

Nawashauri wamsome kwanza Mmarekani David Foster Wallace. Mwaka 1995 gazeti moja la kwao lilimpandisha kwenye meli ya namna hiyo, wiki nzima katika bahari ya Karibi, aandike aliyoyaona. Makala yalitoka Januari 1996 katika Harper's, na mwaka 1997 yakawa kiini cha kitabu kizima. Mimi nilikisoma katika nakala iliyoachwa na mgeni mmoja, kamusi pembeni. Anaeleza jinsi kila akitoka chumbani kwake kwa muda wa kutosha, akirudi anakuta kimesafishwa, shuka zimenyooshwa, na hajamwona aliyefanya kazi hiyo. Mpaka akaanza kuwatega: atoke dakika ngapi ndipo waje? Wanajuaje? Anacheka, na sisi tunacheka naye, lakini chini ya kicheko kuna huzuni nzito. Anatuambia kwamba mtu akifanyiwa kila kitu, hamu yake haiishi. Inakua kama ya mtoto mchanga anayelilia asichokijua.

Makala yale ni mazuri kwa sababu mwandishi wake hakuidharau raha. Aliifuata mpaka mahali inapogeuka. Na mimi niliyetoka kando ya ziwa nikaona kitu ambacho huenda yeye hakuwa na namna ya kukiona: dosari ya meli ile si wingi wa starehe. Ni kwamba hakuna anayemhitaji abiria. Hana mzigo wa kumlindia mtu, hana mtoto wa kumpakatia mtu. Kazi yake ni kupokea. Kumbe kuna raha mbili za safari. Ipo raha ya kuhudumiwa, na ipo raha ya kuhitajiwa na watu ambao hukuwachagua. Ya kwanza inauzwa kwa picha za rangi. Ya pili haijaandikwa.

RAHA YETU NI IPI?

Nitaieleza kama nilivyoiona mwenyewe. Nilisafiri na Liemba nikiwa mwanafunzi, nikienda likizo kwa bibi Kirando, kabla haijasimama kwa matengenezo marefu mwishoni mwa miaka ya 2010. Neno "likizo" liangalieni vizuri. Tukisikia "likizo kwenye meli" tunamfikiria mzungu na miwani ya jua. Lakini mwanafunzi wa bweni anayerudi kwao, mwalimu aliyepata nauli yake ya likizo, karani anayekwenda kuona wazazi, hao wote wako likizo, na miaka ile kwa watu wa mwambao meli ndiyo iliyokuwa njia yao. Utalii wetu hatuuiti utalii. Tunasema "naenda kusalimia".

Meli iliondoka Kigoma Jumatano jioni. Daraja la kwanza vyumba vya vitanda viwili, daraja la pili mnabanana zaidi, daraja la tatu kila mtu na mkeka wake. Nilikuwa daraja la tatu, na sisemi lilikuwa zuri. Palikuwa na joto, harufu ya dagaa ilikwenda mpaka ndani ya nguo, na foleni ya choo ilikuwa na siasa zake. Atakayeandika raha akaficha hayo ataandika tangazo la biashara.

Lakini subirini giza liingie. Usiku usio na mbalamwezi wavuvi wa dagaa huwa kazini, taa zao zimewaka juu ya maji kundi kwa kundi, zamani karabai, siku hizi hata taa za jua. Ukiwa sitahani unaona mji ambao asubuhi haupo. Vijiji vingi vya mwambao havina gati, kwa hiyo meli husimama mbali na ufuko na kupiga honi. Hapo ndipo mchezo unapoanza. Maboti na mitumbwi inatoka mbio gizani, kila mmoja anataka kufika kwanza mlango wa ubavuni. Watu wanapanda, watu wanateremka, kwa wakati mmoja na mlango mmoja. Magunia yanapita juu ya vichwa, bata wanapita, watoto wanapita mkono kwa mkono kama ndoo za maji kwenye moto. Na sisi wengine tumeegemea vyuma vya pembeni tunashangilia kama tuko uwanjani: "Mzee, acha gunia, kamata mke wako!" Saa nane za usiku, bwana, na hakuna anayelala, wala hakuna anayelalamika kwamba halali.

Kulipokucha tukawa chini ya milima ya Mahale, ile yenye sokwe. Wazungu wawili walikuwa na darubini juu, sisi chini tuna chai. Mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa, ambaye jina lake sikulijua mpaka leo, aliniwekea mtoto wake mapajani bila kuomba. "Nishikie huyu mwanangu, nikaangalie magunia." Nikasema, "Haya mama." Alikaa huko karibu saa nzima. Aliporudi alinipa nanasi zima, akanieleza bei ya dagaa Kasanga, Mpulungu na Kigoma, faida iko wapi na hasara iko wapi, kwa ufundi ambao mwalimu wangu wa biashara hakuwa nao. Mtu yule angeweza kubeba riwaya nzima. Na tazameni: alikuwa kazini, mimi likizo, lakini furaha ya kukaa pale tuliigawana.

Hivyo ndivyo ninavyoielewa raha ya meli. Basi haliwezi kukupa hiyo, kwani basini kila mtu anatazama kisogo cha mwenzake. Meli inawapa watu siku mbili za kutokuwa na la kufanya, inawafungia mahali pamoja, na inawaacha wazunguke. Inampa mwandishi wahusika, muda na mipaka. Waandishi wa tamthilia wangelipia vitu hivyo, sisi vinapita mbele ya mlango wetu.

KULI, NA DARASA LA "UJUMBE"

Mtaniambia: lakini tuna Kuli ya Adam Shafi. Kweli, na ninaiheshimu. Riwaya hiyo ya mwaka 1979 ilitufundisha kuitazama meli kutoka chini, kutoka bega la mchukuzi wa bandari ya Zanzibar. Rashidi ni mtoto wa kuli ambaye naye anakuwa kuli, na kupitia kwake tunaona jinsi utajiri wa bandari unavyopita juu ya migongo ya watu wasiokuwa na kitu, mpaka wanagoma. Baada ya kuisoma huwezi tena kuangalia gunia likipanda melini bila kumwuliza nani kalibeba. Hilo ni jambo kubwa na sitaki mtu aseme nalipinga.

Ninachopinga ni kile tulichokifanya sisi wasomaji na walimu baada yake. Tuliichukua Kuli na ndugu zake tukazifanya kipimo cha kila kitabu. Darasani tulifundishwa maswali ni yale yale: dhamira kuu ni ipi, migogoro ni ipi, mwandishi anatoa ujumbe gani kwa jamii? Ukijibu "mwandishi anatuonyesha jinsi watu walivyofurahi", umepata sifuri. Matokeo yake kijana akichukua kalamu anajua kwamba maskini katika riwaya anaruhusiwa kuteseka, kupigana, kuasi na kufa. Kufurahi haruhusiwi, labda amelewa, na akilewa ni funzo juu ya ulevi.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Hadithi za Sindbadi baharia zilizosimuliwa pwani zimejaa hofu na pia uroho wa kuona. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, maandishi ya Waswahili wenyewe juu ya safari zao, na humo Selim bin Abakari anasimulia alivyokwenda mpaka Urusi na Siberia. Watu wale walikuwa chini ya wakoloni, wengine wakisafiri kwa amri ya mabwana zao, lakini waliandika walichokiona na kukistaajabia. Hawakusubiri mtu awape ruhusa ya kustaajabu. Sisi tuliopata uhuru ndio tumejinyima.

Na kujinyima huku kuna gharama. Tukiiacha raha, hakuna nafasi inayobaki wazi: wengine wanaijaza. Matangazo ya utalii yanaijaza kwa machweo ya jua na mtu mmoja mweupe kwenye kiti. Mtoto wa Ujiji anakua akiamini kwamba uzuri wa ziwa lake ni mali ya wageni, na kilicho chake yeye ni shida za ziwa hilo. Mimi hilo linaniuma kuliko mswada uliorudishwa.

VIPI KUHUSU WALIOZAMA?

Nilipoyasema haya katika kikundi chetu, dada mmoja ambaye kwao ni Kagera alinyamaza kwa muda, kisha akauliza: "Kaka, utaandikaje raha ya meli baada ya Bukoba?" Ni swali zito kuliko yote na silikwepi. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, wakafa watu zaidi ya 800. Spice Islander ikazama mwaka 2011, Skagit 2012, MV Nyerere 2018 ikiwa imebakiza kidogo tu kufika Ukara. Kila mmoja wetu anamjua aliyempoteza mtu.

Jibu langu ni hili. Watu waliopanda Bukoba jioni ile hawakupanda kama marehemu. Walipanda na mikungu yao ya ndizi, na maongezi yao, na vicheko vya kuagana gatini. Mwandishi akiwaleta ukurasani ili wazame tu, amewanyang'anya jioni ile. Nami nadhani hata hasira yetu juu ya uzembe inakuwa na nguvu zaidi tukijua ni nini hasa kilichozamishwa. Takwimu haikuambii hivyo. Soga iliyokatika katikati inakuambia.

Kuna jambo gumu zaidi. Mwaka 1997 Liemba ilitumika kuwarudisha kwao wakimbizi wa Zaire, zaidi ya 75,000. Mei 2015 ikaenda Kagunga kuwachukua Warundi waliokuwa wamejaa ufukoni, wengine wanaugua kipindupindu, ikawaleta Kigoma mamia kwa mamia kila safari. Sitaha ni ile ile, milima ni ile ile, taa za wavuvi ni zile zile. Je, ilikuwa safari ya raha? Hata kidogo. Kwa hiyo raha haimo ndani ya chuma cha meli wala katika mandhari. Inatokana na mambo mawili: unajua unakokwenda kuna anayekungoja, na unajua unaweza kurudi. Mwenye vyote viwili anaweza kulala juu ya gunia akafurahi. Aliyekosa vyote viwili hata umpe daraja la kwanza, atakaa macho.

Naona hapa ndipo riwaya ya raha inapopata uzito ambao mhariri wangu hakuuona. Sitahani, mwanafunzi wa likizo na mama aliyekimbia vita wanaweza kukaa mkeka mmoja, waone mlima mmoja, na wasione kitu kimoja. Lakini tofauti yao haitaonekana kama hatujui kuiandika furaha ya yule mwanafunzi kwa ukamilifu. Ukiwapaka wote huzuni, umewafanya wawe sawa, na huo ni uwongo.

HITIMISHO

Kwa kumalizia, sisemi tuandike matangazo. Wala sisemi tuache wachukuzi, wagomaji na waliozama. Nasema abiria naye apewe nafasi, na raha yake ichunguzwe kwa makini yale yale tunayoyatumia kuichunguza shida: inatoka wapi, nani anailipia, nani kanyimwa, inaishia wapi. Wallace alifanya hivyo kwa meli ya matajiri. Hatuna sababu ya kushindwa kuifanyia hivyo meli ya dagaa.

Wenzangu wa Kigoma, Ujiji, Kibirizi na mwambao wote mpaka Kasanga, ninyi mna hazina. Kipindi meli iliposimama, watu walirudia maboti ya mbao na mabasi, na wazee waliosafiri miaka ya sitini na sabini wanaondoka mmoja mmoja. Kila mkikaa nao, waulizeni. Msiwaulize kwanza Wajerumani walifanya nini, hayo yameshaandikwa. Waulizeni walikula nini melini, walikaa na nani, walicheka nini usiku meli iliposimama Karema au Kipili. Halafu andikeni, mlete hapa gazetini tusomane na tukosoane bila kuoneana haya.

Sura zangu tatu zimekuwa sita sasa. Abiria bado wanafurahi. Mama wa dagaa kaingia sura ya nne, na mtoto wake bado yuko mapajani mwa mtu.